Bendera ya Joka, Kuinua Miguu, Mkao wa L na Wenzo wa Mbele: Lipi Hasa ni Zoezi la Tumbo?

Mtu anayeweza kukaa kwenye planki, yaani kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, kwa dakika 2 bila kiuno kulegea amefika mahali ambapo dakika ya tatu na ya nne hazimpi nguvu mpya. Zinampa ustahimilivu tu. Ndivyo ilivyo kwa sitapu pia, yaani kuinuka kutoka kulala chali hadi kukaa: aliyekwisha kupiga 50 mfululizo hapati mengi kwa kupiga ya 51. Anayeinua vyuma hutoka hapo kwa kuongeza kilo, lakini anayefanya mazoezi kwa uzito wa mwili wake hana kilo za kuongeza, na njia iliyobaki kwake ni kuurefusha wenzo, yaani kuupeleka uzito uleule mbali zaidi na egemeo. Mazoezi manne yanayolinganishwa hapa yote yanafuata kanuni hiyo, na karibu kila anayevuka daraja la planki hujikuta akijiuliza aanze na lipi.

Ni vyema kwanza tuelewane kuhusu majina, maana kila jimu ina yake. Bendera ya joka ni zoezi la kulala chali kwenye benchi, mikono ikishika ukingo wa benchi nyuma ya kichwa, kisha kuuinua na kuushusha mwili mzima ukiwa umenyooka kama ubao, huku sehemu ya juu ya mgongo pekee ikiwa imebaki kwenye benchi. Kuinua miguu ni kuning'inia kwenye chuma na kuipandisha miguu iliyonyooka hadi vidole vya miguu viguse chuma chenyewe. Mkao wa L ni kujiinua kwa mikono kutoka sakafuni au juu ya vishikio, miguu ikiwa imenyooshwa mbele sambamba na sakafu. Wenzo wa mbele ni kuning'inia kwenye chuma kwa mikono iliyonyooka, mwili mzima ukiwa umelala hewani, uso ukitazama juu. Kuinua miguu na bendera ya joka ni mazoezi ya mwendo. Mkao wa L na wenzo wa mbele ni ya kutulia.

Kipimo: ni kiungo gani kinachoshindwa kwanza?

Mazoezi haya mara nyingi hupangwa kwa ugumu, na msomaji huambiwa apande kutoka lililo jepesi hadi lililo gumu kuliko yote, kana kwamba yote manne ni vidato vya ngazi moja. Sivyo. Kusimama kwa mikono nako ni kugumu, wala hakuna anayejifunza kusimama hivyo ili apate tumbo lenye nguvu. Swali lenye faida kwa anayechagua ni hili: ninapofika mwisho wa uwezo wangu katika zoezi hili, ni kiungo gani kilichonishinda? Ikiwa ni vidole vilivyoachia chuma, basi siku hiyo nimefanya zoezi la mshiko. Ikiwa ni misuli mipana ya mgongo iliyokata tamaa, nimefanya zoezi la mgongo. Tumbo lilikuwapo, lakini kama shahidi. Msuli unaopata sababu kubwa zaidi ya kuongeza nguvu ni ule uliosukumwa karibu na kikomo chake.

Ili kujibu swali hilo inafaa kukumbuka jinsi tumbo lilivyounganishwa. Msuli mnyoofu wa tumbo, ule unaoonekana kama vipande kwa watu wenye mafuta machache, unaanzia kwenye mfupa wa kinena na kupanda hadi kwenye gegedu za mbavu ya tano, ya sita na ya saba. Haugusi mfupa wa paja hata kidogo, kwa hiyo hauwezi kuinua mguu. Kazi yake ni kuivuta nyonga na kifua vikaribiane, au kuvizuia visiachane pale uzito unapotaka kuvitenganisha. Miguu huinuliwa na misuli inayokunja nyonga, na mmojawapo ulio mkubwa unaanzia kwenye pingili za kiuno, ukapita mbele ya nyonga, ukajishikiza kwenye paja. Msuli huo ukivuta kwa nguvu huku tumbo limelegea, pingili za kiuno huburutwa mbele na mgongo hujipinda kama upinde. Hiyo ndiyo sababu ya watu wengi kuinua miguu kwa bidii miezi kadhaa na kupata maumivu ya kiuno kuliko kupata tumbo.

Hesabu kidogo inasaidia. Mguu mmoja wa mtu mzima una takriban asilimia 16 ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 70 ana miguu miwili yenye kilo 22 hivi. Kama mguu wake una urefu wa sentimita 90, kitovu cha uzito wake kipo karibu sentimita 40 kutoka kwenye nyonga. Kuishikilia miguu hiyo ikiwa sambamba na sakafu ni sawa na kushikilia uzito unaokaribia kilo 10 kwenye ncha ya fimbo yenye urefu wa sentimita 90. Hilo ndilo deni ambalo mkao wa L na nusu ya kwanza ya kuinua miguu hulidai. Mwili mzima unapolala hewani, kama katika bendera ya joka na wenzo wa mbele, mambo hubadilika: miguu ipo mbali zaidi na mbavu za chini, na nyonga pamoja na tumbo lenyewe vinaingia kwenye mzigo. Kwa mtu yuleyule, nguvu ya kuzungusha inayotaka kulifungua tumbo pale chini ya mbavu hupita mara mbili ya ile ya mkao wa L. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa katika L kwa sekunde 30 na bado bendera ya joka ikamwangusha katika jaribio la kwanza.

Bendera ya joka na wenzo wa mbele: mzigo mmoja, washindwaji wawili

Kwa jicho la tumbo peke yake, mazoezi haya mawili ni ndugu. Katika yote mawili mwili umenyooka, umeshikwa upande wa mabega, na uzito wote wa chini unajaribu kuuvunja katikati, tumbo linazuia. Tofauti ipo juu ya mbavu. Katika bendera ya joka mabega yamelala kwenye benchi, na mikono inavuta ukingo ili kuyabana yasinyanyuke. Katika wenzo wa mbele hakuna benchi: bega lenyewe ndilo egemeo, na misuli mipana ya mgongo, ikisaidiwa na nyuma ya mkono wa juu, inapaswa kuubeba mwili mzima kupitia mikono iliyonyooka. Misuli hiyo huishiwa nguvu mapema mno kabla ya tumbo kuona taabu. Atakayejaribu zoezi hilo akiwa na tumbo imara na mgongo wa kawaida ataona nyonga zikishuka, atadhani tumbo limemsaliti, kumbe ni mabega yaliyofunguka.

Kwa hiyo ninaiona bendera ya joka kuwa ni wenzo wa mbele uliosamehewa deni la mgongo. Kati ya mazoezi yote manne, hili ndilo ambalo tumbo hushindwa kwanza kwa hakika kubwa zaidi, na kwa kipimo tulichokiweka, hili ndilo linaloongoza. Hutajwa mara kwa mara pamoja na jina la Bruce Lee, mwigizaji na bingwa wa sanaa za mapigano aliyefariki mwaka 1973, na picha zinazolihusisha naye zimewafanya wengi walichukulie kama mchezo wa kuonyesha ubingwa. Likifanywa polepole halina cha kuonyesha. Ni kazi ya jasho isiyo na madoido.

Makosa yake yanajulikana. La kwanza ni kukunja nyonga, ambapo makalio hutangulia kushuka na miguu ikabaki juu, mwili ukawa kama kisu cha kukunja kilichofunguliwa nusu. Mwenye kufanya hivyo ameufupisha wenzo bila kujua, na anachokiita bendera ya joka ni kushusha miguu tu. La pili ni kinyume chake: miguu inashuka vizuri lakini kiuno kinapinda kuelekea juu, dalili kwamba tumbo limekwisha kuachia na mzigo umehamia kwenye pingili. La tatu, na la hatari zaidi, ni kuuacha uzito ukae kwenye shingo. Uzito unapaswa kukaa kwenye mafupa mapana ya mabega, na asiyeweza kuyabakiza kwenye benchi hajawa tayari.

Uzuri ni kwamba zoezi hili lina hatua za wazi. Anayeanza huyakunja magoti hadi kifuani na kuushusha mwili hivyo, kisha hunyoosha mguu mmoja huku mwingine ukiwa umekunjwa, kisha hunyoosha yote miwili ikiwa imetanuliwa, na mwisho huifunga pamoja. Katika kila hatua ni busara kuanza na kushuka tu, kwa sekunde 5 hivi, halafu kukunja magoti na kupanda tena bila kupigana na wenzo mrefu. Msuli huwa na nguvu zaidi unapozuia mzigo unaoshuka kuliko unapoupandisha, na nafasi hiyo itumiwe. Kushuka mara 3 hadi 5 katika seti, kwa seti 3 au 4 zenye mapumziko ya dakika 2 hadi 3, kunatosha. Anayefikisha mara 10 bila taabu yumkini anakunja nyonga.

Wenzo wa mbele unafaa kwa yule ambaye tayari anajivuta kwenye chuma mara nyingi na anataka zoezi moja litakalomfanyia mgongo kazi kubwa na tumbo kazi ya kadiri. Sikatai thamani yake, nakataa tu jina lake likiwekwa kichwani mwa orodha ya mazoezi ya tumbo. Pia unadai subira ya muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa mikono iliyonyooka huzibebesha kano za kiwiko mzigo mzito, na kano hukomaa polepole kuliko misuli. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko ni onyo la kawaida, na anayeyapuuza hulazimika kupumzika wiki nyingi.

Kuinua miguu hadi kwenye chuma

Zoezi hili linaweza kuwa bora kuliko yote au kuwa bure kabisa, na tofauti ipo katika sentimita chache za nyonga. Miguu ikipanda hadi kuwa sambamba na sakafu na mgongo ukabaki umenyooka, kazi ya kuinua imefanywa na misuli inayokunja nyonga, huku tumbo likishikilia tu. Kuanzia hapo kwenda juu ndipo tumbo linapoingia kwa nguvu: nyonga inajikunja, mfupa wa kinena unavutwa kuelekea mbavu, na kiuno kinajiviringa. Anayetazamwa kutoka mbele huonekana makalio yake yakigeukia mbele mwishoni mwa mwendo. Kama hayageuki, tumbo halijajikunja, hata kama miguu imefika juu kwa sababu misuli ya nyuma ya mapaja yake ni laini.

Hapa ndipo kuinua miguu kunapoishinda bendera ya joka. Joka hulifundisha tumbo kuwa gumu likiwa katika urefu uleule. Halijifupishi kwa kiasi kikubwa. Kuinua miguu hulipeleka tumbo kutoka kwenye urefu wake wa kuning'inia hadi kwenye ufupi wake wa mwisho, likiwa na mzigo. Nguvu inayopatikana katika pembe moja ya kiungo huhamia kwa sehemu tu kwenye pembe nyingine, kwa hiyo mtu anayefanya joka pekee atakuwa imara kama nguzo lakini anaweza kushangaa anavyoshindwa kuiviringa nyonga yake akiwa ananing'inia.

Washindwaji wa kwanza katika zoezi hili ni wawili: mshiko na bembea. Mshiko ukichoka, wapo wanaotumia kanda za kuwekea viwiko zinazofungwa kwenye chuma, na sioni aibu yoyote kwa hilo, ili mradi lengo ni tumbo na si vidole. Bembea ni jambo zito zaidi. Mwili ukishaanza kuyumba, kila mzunguko hukopa nguvu kwa ule uliotangulia, na mara 15 za kubembea hazifikii 5 za kuanzia kwenye utulivu. Tiba yake ni kuyavuta mabega chini kabla ya kuanza, kuishusha miguu kwa sekunde 3, na kutulia kwa pumzi moja chini kabla ya kupandisha tena. Idadi itapungua sana siku ya kwanza, na wengi hukasirika. Idadi ile ya zamani haikuwa yao.

Mwenye misuli migumu ya nyuma ya paja hatafika kwenye chuma akiwa na magoti yaliyonyooka, haidhuru tumbo lake lina nguvu kiasi gani. Akunje magoti kidogo na aendelee kuiviringa nyonga. Kunyoosha magoti ni mapambo ambayo yanaweza kusubiri; kuviringa nyonga hakuwezi.

Mkao wa L

Nilitaka kulipa zoezi hili nafasi ya juu, kwa kuwa ni zuri na halihitaji kitu chochote isipokuwa sakafu. Kipimo hakikubali. Kinachoshindwa kwanza kwa watu wengi ni sehemu ya mbele ya mapaja, ambayo hukakamaa kwa uchungu ndani ya sekunde chache, au misuli ya kuyashusha mabega, au hata vifundo vya mikono. Tumbo linafanya kazi ya kushikilia nyonga isidondoke, lakini mara chache ndilo linaloomba msamaha. Mwenye miguu mirefu na mikono mifupi huonewa zaidi na maumbile yake, na vishikio vya chini au vitabu viwili vizito vitamwondolea sehemu ya uonevu huo.

Faida yake ipo mahali pengine. Mkao wa L huijenga misuli inayokunja nyonga katika ufupi wake na kumfundisha mtu kuyasukuma mabega chini, mambo mawili ambayo kuinua miguu hudai baadaye. Katika jimnastiki, mkao wa nguvu hutakiwa kushikiliwa angalau sekunde 2. Kwa anayejenga nguvu, seti za sekunde 10 hadi 20 zina maana zaidi, na akizipita hizo ni afadhali aipandishe miguu kuelekea umbo la V kuliko kuendelea kuhesabu. Hapo ndipo nyonga hulazimika kujikunja na tumbo huanza kufanya kazi ya haki.

Nani achague lipi

Asiyeweza bado kukaa katika mkao wa mtumbwi kwa sekunde 40, yaani kulala chali huku mabega na miguu iliyonyooka vikiwa vimenyanyuka kidogo na kiuno kikiwa kimegandamizwa sakafuni, asichague lolote kati ya haya manne. Mkao huo ndio uliomo ndani ya joka na wenzo. Anayeupoteza akiwa sakafuni ataupoteza haraka zaidi akiwa hewani.

Mwenye chuma cha kuning'inia na hana benchi ahesabu kwamba amekwisha kuchaguliwa, na hajapunjwa. Kwa mtu anayetaka zoezi moja tu la kuanzia baada ya planki, kuinua miguu ndilo ningempa, kwa kuwa hatua zake ni fupi, kosa lake huonekana kwa macho, na akishindwa hushusha miguu tu. Bendera ya joka ndiyo yenye tija kubwa zaidi kwa tumbo, lakini inamdai mtu aliyekwisha kujua jinsi tumbo lililokaza linavyojisikia. Mkao wa L umfae anayetaka kuendelea na jimnastiki au ambaye hana kifaa chochote. Wenzo wa mbele uwekwe kwenye siku ya mgongo.

Yakichanganywa, mawili yanatosha: kuinua miguu siku moja na joka siku nyingine, kukiwa na angalau saa 48 katikati, kwa sababu misuli iliyozuia mzigo unaoshuka huuma zaidi siku ya pili kuliko siku yenyewe. Anayeyafanya yote mawili siku moja aanze na joka akiwa bado na nguvu. Misuli ya ubavuni haipati haki yake kamili katika hayo yote, na planki ya ubavu au kuipeleka miguu kulia na kushoto ukiwa unaning'inia itaziba pengo hilo. Wala hakuna kati ya haya litakaloondoa mafuta yaliyopo juu ya tumbo. Msuli unaweza kuwa na nguvu nyingi na usionekane, na kuonekana kwake kunategemea mafuta ya mwili mzima.

Wapo wasiopaswa kuyagusa bila kumwona daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo: mwenye ngiri, mama ambaye misuli yake ya tumbo imeachana katikati baada ya kujifungua na haijafunga, mwenye tatizo la pingili za kiuno, na mwenye shinikizo la juu la damu, kwa kuwa kukaza tumbo huku pumzi imezuiwa hupandisha shinikizo ghafla. Hata kwa mzima, pumzi isizuiwe kwa seti nzima. Itolewe kidogo kidogo kupitia meno wakati mzigo ni mzito. Benchi la joka nalo lijaribiwe kwanza kwa kuvutwa kwa nguvu, maana lililo jepesi hunyanyuka pamoja na mwenyewe.

Swali linalobaki ni lini mtu atoke kwenye chuma aende kwenye benchi. Alama ninayoitumia ni kugusa chuma mara 8 kutoka kwenye utulivu kamili, makalio yakigeuka kila mara na miguu ikishuka kwa sekunde 3. Aliyefika hapo akilala kwenye benchi ataweza kushusha joka la magoti yaliyokunjwa siku hiyohiyo, na la mguu mmoja wiki chache baadaye.